Beberu Hupimwa Kwanza

Mjomba wangu anafuga mbuzi wa maziwa kule Meru, chotara wa Toggenburg, wale wa kahawia wenye mistari myeupe usoni ambao asili yao ni Uswisi. Mwaka juzi alinunua beberu mpya. Dume la kupigwa picha kabisa: shingo nene, ndevu ndefu, harufu inayokupokea ukiwa bado barabarani. Alimpanda kila jike aliyeletwa mbele yake, na wale ambao hawakuwa na joto aliwafukuza zizi zima. Mjomba alinitumia video. "Huyu ni mashine," aliandika.

Baada ya siku 21 majike walianza kurudi. Anayejua ufugaji analielewa neno hilo. Jike aliyepandwa asiposhika mimba, joto humrudia baada ya wiki tatu hivi. Alirudi mmoja, wakarudi wawili, kisha wote tisa. Wakapandwa tena. Wakarudi tena.

Nilikuwa huko Desemba, siku daktari wa mifugo alipokuja. Nilitarajia aanze na majike, maana hao ndio waliokuwa na shida, au ndivyo nilivyodhani. Hakuwatazama. Aliuliza wangapi wamerudi, akaambiwa wote, akaenda moja kwa moja kwa beberu. Akachuchumaa nyuma yake, akazishika korodani kwa mikono miwili na kuzibonyeza taratibu kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akatoa utepe, akapima mzunguko. Akatikisa kichwa.

"Akirudi mmoja, tazama jike," alimwambia mjomba. "Wakirudi wote, tazama dume."

Korodani zilikuwa ndogo kwa beberu wa mwili ule, tena laini, wakati zinapaswa kuwa zimejaa na ngumu kiasi. Shahawa zake zilipochukuliwa na kutazamwa kwa hadubini, mbegu zilikuwa za kuhesabu. Kwa kawaida mililita moja ya shahawa ya beberu mwenye afya huwa na mbegu zaidi ya bilioni moja. Daktari akauliza kama mnyama amewahi kudungwa chochote. Mjomba akampigia simu aliyemuuzia. Jamaa alizungukazunguka, mwishowe akakiri: kwa miezi kadhaa kabla ya kumuuza alikuwa akimdunga homoni ya kiume, "ili achangamke." Wanunuzi wanapenda beberu aliyechangamka.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka pale pale zizini, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu.

Kabla sijafika kwake, hebu nieleze kilichompata yule beberu, maana hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Inakuwaje homoni ya kiume imwondolee dume uwezo wa kuzaa? Si ingepaswa kumwongezea?

Wengi wetu tunaoishi Nairobi tunaishi chini ya tangi la maji. Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakipungua boya hushuka na mfereji hufunguka. Tangi likijaa boya huinuka na mfereji hujifunga. Mwili wa dume hufanya kazi hivyo hivyo. Ubongo hupima testosteroni iliyo kwenye damu. Ikipungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, hutuma homoni mbili kwenye korodani: moja huzichochea zitengeneze testosteroni, nyingine husaidia kazi ya kutengeneza mbegu. Ikizidi, pituitari hunyamaza. Sasa chukua testosteroni ya chupa uidunge mwilini. Ni kama lori la maji limekuja kujaza tangi kutoka nje. Boya linainuka, mfereji unajifunga. Ubongo unaona damu imejaa, unaamini kazi imefanyika.

Lakini mbegu haziridhiki na testosteroni iliyo kwenye damu. Zinahitaji ile inayotengenezwa humo humo ndani ya korodani, ambako kiasi chake huwa kikubwa mara nyingi kuliko cha damuni. Sindano haifikishi kiasi hicho. Kwa hiyo nje kunafurika na ndani kunakauka. Hamu inapanda, harufu inazidi, shingo inanenepa, na korodani zinasinyaa. Na kwa kuwa mbegu ya beberu huchukua wiki 7 hivi kutengenezwa, kisha wiki nyingine moja au mbili kukomaa, hasara haionekani siku ya sindano. Inaonekana baadaye, wakati kila mtu ameshasahau sindano na ameanza kuwatazama majike.

Wafugaji wa kondoo kule Australia huitumia siri hii kwa makusudi. Wanamchukua kondoo aliyehasiwa, wanamdunga testosteroni, wanamwachilia kundini. Anawanusa majike, anawaandama, anawapanda. Kwa kumtazama wanajua nani ana joto. Hampi mimba yeyote. Ana kila ishara ya udume, ila mbegu hana.

Sasa kaka yangu. Naandika haya kwa ruhusa yake na ya mke wake. Wote wawili wameyasoma kabla yako, na wamenitoa sentensi mbili.

Kaka ana miaka 33. Kabla ya harusi alikuwa mwembamba, na hilo lilimuuma kuliko tulivyojua. Akaanza kwenda jimu. Mwaka wa kwanza alinyanyua vyuma na kula mayai. Mwaka wa pili jamaa mmoja wa pale akamwambia kwamba mayai ni ya watoto, akamuuzia chupa ndogo na sindano. Kila wiki. Mabega yakaja. Kifua kikaja. Sisi nyumbani tulimpigia makofi. Mama alisema sasa anafanana na babu yake. Hakuna aliyemwambia kuhusu boya, na yeye hakuuliza.

Walioana mwaka 2020. Mwaka wa kwanza tulisubiri kimya. Mwaka wa pili tulianza kuuliza. Nasema "tu" kwa sababu nilikuwemo. Krismasi moja, mbele ya watu, nilimwuliza mke wake, "Wifi, sasa lini tutabeba mtoto?" Alitabasamu, akainuka, akaenda jikoni kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Mimi ndiye niliyeviosha.

Kwa miaka mitatu wifi alipimwa kila kinachopimika. Damu. Picha za tumbo. Ile picha ya mirija ambapo dawa inasukumwa ndani ya kizazi huku umelala chini ya mashine, na unaambiwa ni maumivu kidogo tu. Mama alimletea mizizi ya kuchemsha. Shangazi alimpeleka kwenye maombi ya kufunga siku tatu. Majibu yote ya hospitali yalikuwa mazuri. Daktari alipomwambia hana tatizo, sisi tulisikia kwamba tatizo halijapatikana. Kaka hakuombwa hata kutema mate kwenye chupa.

Na kwa nini aombwe? Alikuwa na mabega. Alikuwa na hamu. Alikuwa, kwa neno la mjomba, mashine.

Kwamba testosteroni ya sindano huzima mbegu si uvumi wa mtaani. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanywa katika nchi 7, na lengo lake lilikuwa kutafuta njia ya mwanamume kupanga uzazi. Wanaume 271 wenye afya walidungwa miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuwa na mbegu hata moja, na katika mwaka uliofuata, wakitegemea sindano hiyo peke yake, ilipatikana mimba moja tu. Yaani wanasayansi waliipima dawa hii kama njia ya kuzuia mimba, na jimu za Nairobi zinaiuza kama dawa ya uanaume.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kwa nini zizini anapimwa dume kwanza, na nyumbani anapimwa mwanamke kwanza?

Jibu la haraka ni hesabu. Beberu mmoja anahudumia majike 30, hata 50. Akiwa na kasoro, msimu mzima umeenda. Mke na mume ni mmoja kwa mmoja, kwa hiyo hesabu haisemi tuanze na nani. Lakini ukifuata hesabu hiyo hadi mwisho, bado inamrudia mwanamume. Kupimwa kwake ni chupa moja na faragha ya dakika chache. Kupimwa kwa mwanamke ni miezi, pesa na maumivu. Na katika karibu nusu ya visa vya wanandoa kukosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango. Mtu mwenye akili ya mfugaji angeanza na chupa.

Kwa hiyo si hesabu. Nafikiri ni heshima. Beberu hana heshima ya kupoteza. Ukimshika korodani mbele ya wageni haendi kulala akiwa amevunjika moyo. Ndiyo maana tunaweza kuwa wakweli juu yake. Kwa mwanamume tunaogopa jibu, kwa hiyo tunaacha kuuliza, na gharama ya kutouliza inalipwa na mtu mwingine.

Hata lugha imetusaidia kutouliza. Tunayo maneno "tasa" na "mgumba", na mtaani yote mawili humwangukia mwanamke. Kwa mwanamume tuna "hanithi", lakini huyo ni aliyeshindwa kitandani. Mwanamume anayeweza kila kitu kitandani lakini hana mbegu, yeye hana jina lake. Na kitu kisicho na jina ni vigumu kukishuku. Mama yangu hakuwa mkatili. Alikuwa na mfano mmoja tu kichwani: shamba na mpanzi. Mpanzi ameonekana akipanda. Kama hakijaota, ni udongo.

Tusidhani ujinga huu ni wetu peke yetu. Karne iliyopita, katika mji mdogo wa Milford, Kansas, huko Marekani, jamaa aliyeitwa John Brinkley alikuwa akiwapasua wanaume na kuwashonea vipande vya korodani za mbuzi ili warudishiwe nguvu na uzazi. Alitoza dola 750, pesa ya kutisha wakati huo, na watu walipanga foleni. Mbuzi aliowapendelea walikuwa Toggenburg, ndugu wa hawa wa mjomba, kwa sababu hawanuki sana. Leseni yake ilifutwa mwaka 1930. Tezi ya mbuzi haiwezi kufanya kazi ndani ya mtu. Mwili huiua tu. Wengine walikufa. Lakini waliopona walirudi nyumbani wakisema wanajisikia madume, na hicho ndicho walicholipia.

Najua kuna atakayesema: basi homoni zote ni uongo, tuachie maumbile kazi yake. Sikubaliani. Kule Ulaya, ambako kondoo hufuata majira na dume hupoa siku zinaporefuka, wafugaji humwekea kipande kidogo cha melatonini chini ya ngozi. Melatonini ni homoni ya usiku. Ubongo unadhani usiku umeshakuwa mrefu, pituitari inaamka, korodani zinajaa, na dume anazalisha nje ya msimu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja nayo, mchana na usiku wetu haubadiliki sana. Lakini ona tofauti: ile inauchochea mwili ufanye kazi yake, sindano ya testosteroni inaunyang'anya mwili kazi yake. Zote ni homoni na zote ni mkono wa mtu.

Na wapo wafugaji wa Kimaasai ambao humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipandishe, watoto wasije kuzaliwa wakati wa kiangazi kikali. Huko pia ni kuingilia uzazi wa mnyama. Ila ngozi ile inaonekana. Kila anayepita anajua dume huyu amezuiwa na kwa nini. Kosa la aliyemuuzia mjomba halikuwa kwamba aligusa maumbile. Kosa ni kwamba alitengeneza ishara akijua itaaminiwa, akamwacha mwenzake alipe, na akamwacha mnyama alipe zaidi.

Maana mnyama alilipa. Daktari alisema sindano zikikoma, korodani zinaweza kuamka baada ya miezi kadhaa, ingawa hakuweza kuahidi. Mjomba akapiga hesabu ya majani, ya chumvi, ya maziwa ambayo hayangekuwepo. Mwaka Mpya beberu alichinjwa. Nilikula. Nyama ilikuwa na harufu kali, na hakuna aliyesema kitu.

Usiku ule wa daktari nilikuwa nimempigia kaka. Nilimwuliza kama amewahi kupimwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwani unaniona mimi beberu?" Akakata simu. Baada ya wiki mbili alinipigia mwenyewe. Hakusalimia. Aliuliza, "Yule dume wa mjomba alienda wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ukweli.

"Sasa umeona," akasema. "Mkishampima mkakuta hana, mnamla."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, kwa sababu linanirudi mimi niliyekuwa nikijiona nina hoja safi. Ni rahisi kusema wanaume wapimwe kama mabeberu. Lakini zizini kipimo kinakuja na kisu. Dume bila mbegu hana sababu ya kulishwa. Na sisi, kwa maneno yetu yote ya upendo, tumewalea kaka zetu wakijua kwamba kisu kipo. Tunawacheka wasio na watoto. Tunauliza nani atarithi jina. Kisha tunashangaa kwa nini wanaficha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu mmoja kati ya 6 hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika matatu ya watu 14, hao ni wawili au zaidi. Sidhani tunataka kuishi katika nchi inayowatazama hao kama nyama.

Je, hofu hiyo inamsamehe kaka? Hapa nimebishana naye na na nafsi yangu pia. Yeye anasema mwili wake ni wake, na siri ya mwili si uongo. Nakubali nusu. Kama angekuwa peke yake, asingekuwa na deni kwa mtu yeyote, si kwa mama, si kwangu, si kwa jirani. Mtu hadaiwi mbegu. Lakini hakuwa peke yake. Kila mwezi aliokaa kimya, mtu mwingine alikuwa akilala chini ya mashine, akimeza mizizi, akiosha vyombo visafi. Siri inaacha kuwa yako siku mwili wa mwingine unapoanza kuilipia. Ameniambia kwamba kuna usiku alishuku zile chupa, akageuka upande wa pili akalala. Usiku ule ndio ninaomhukumu nao, si hesabu ya mbegu zake.

Na mimi je? Mimi sikuwa na hofu ya kisu, sikuwa na chochote cha kuficha. Niliuliza swali langu la Krismasi kwa sababu lilikuwa rahisi na kila mtu alikuwa akiliuliza. Kwa mizani ile ile, kosa langu halina hata udhuru wa kaka.

Kwa hiyo ninachotaka ni kigumu kuliko nilivyodhani siku ile zizini. Nataka tuchukue ukweli wa zizi tuache kisu chake. Kijana akianza sindano, aambiwe kuhusu boya kabla ya kuambiwa kuhusu mabega. Wawili wakikosa mtoto kwa mwaka mzima, waende wote wawili, na chupa itangulie. Na majibu yakija mabaya, meza isibadilike: sahani yake ibaki pale pale, jina lake liitwe vile vile. Sehemu hii ya mwisho hakuna daktari atakayetufanyia.

Kaka alipimwa mwezi Machi. Hakuwa na mbegu. Ameacha sindano na yuko chini ya daktari. Kwa binadamu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na mwili uliozoea lori huchelewa kufungua mfereji wake. Wengi hurudi, si wote. Mabega yamepungua kidogo. Amekuwa mtu wa kukasirika na kulala sana, ambalo nalo daktari alimwambia litakuja.

Nilienda kumwomba wifi msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo za kaka. Kisha akasema, "Sawa, wifi. Na mama ataambiwa na nani?"

Nilisema nitamwambia mimi. Akakataa. Alisema katika miaka hii yote wamekuwa wakiongea watu wasiohusika, imetosha.

Kaka alipanda gari la Meru Jumamosi moja asubuhi, peke yake. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba jioni ile mama alimpigia wifi, mara ya kwanza bila kuuliza lolote kuhusu tumbo lake, na waliongea kwa muda mrefu mpaka simu ya mama ikaisha chaji.